Barua Chini ya Kadi ya Misumari

Kama umewahi kutumiwa mzigo kupitia stendi ya Songea, basi unamjua Walburga Tawete hata kama hujui jina lake. Ni yule mama mrefu wa kibanda cha vifurushi, anayechechemea kidogo mguu wa kushoto. Mtu akikutumia bahasha kutoka Tunduru, na basi likaingia saa nane, saa tisa Walburga yuko mlangoni kwako Bombambili, jasho linamtiririka, bahasha iko mkononi. Ukimwambia, "Mama, si ungengoja tu, ningepitia kesho," anakukata jicho kana kwamba umemtukana. Watu wanamsifu kwa uaminifu. Paroko alimtaja kama mfano kanisani, siku ya Jumapili ya Mavuno, na kanisa zima likageuka kumtazama. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona shingo yake inavyotoka jasho. Mimi na Walburga tumelala kitanda kimoja safarini miaka kumi, na kinachomkimbiza nakijua.

Jina langu Frida. Wakati huo sote wawili tulikuwa wafanyakazi wa Kiwanda cha Mafuta Matogoro. Nasema wafanyakazi kwa heshima tu. Kwenye makaratasi Walburga alikuwa mtunza stoo na mimi nilikuwa mfunga vizibo vya chupa, lakini hakuna aliyetuajiri kwa ajili ya vizibo. Tuliajiriwa kwa sababu tulijua kucheza mpira wa pete. Mashirika ya umma yalikuwa hivyo: ukiwa na mikono mizuri unapewa barua ya ajira, mshahara na sabuni ya mwezi, halafu saa tisa alasiri unaacha kazi kwa wenye kazi, unakwenda uwanjani. Walburga aliingia mwaka themanini na moja, mlinzi wa goli ambaye wafungaji wa Mbeya walikuwa wakiuliza kwanza kama yupo ndipo washuke kwenye gari. Goti lilipomwisha, akapewa ukocha. Alikuwa na watoto wawili, Aidan na Leticia. Baba yao alikwenda Tunduru kutafuta maisha, na maisha yakamkalisha hukohuko.

Kisha soko likafunguliwa. Mafuta ya nje yakaja na madumu ya njano, rahisi kuliko yetu, na akina mama waliokuwa wakipanga foleni getini kwetu wakaanza kupita njia ya pili. Wanunuzi binafsi wakawa wanaingia mpaka mashambani kuchukua alizeti, sisi tukifika tunakaribishwa maji ya kunywa. Mwezi Mei mwaka tisini na nne, Meneja wetu, Bwana Edwin, mtu wa Bukoba aliyekuwa akizungumza taratibu kama anayesoma somo la kwanza misani, alituita wachezaji wote kumi na mbili ofisini. Alisema kiwanda kinauzwa. Mnunuzi amekwishakuja mara mbili. Nusu ya watu wataondoka.

"Ila ninyi," akasema, "mnunuzi amewapenda. Anasema timu inayozunguka mikoa na jina la mafuta kifuani ni tangazo. Mkibaki Daraja la Kwanza, mnabaki kazini wote. Mkishuka, yeye atanunua mashine tu."

Timu zilikuwa sita, na mbili za mwisho ndizo zinazoshuka. Mwaka uliotangulia tulikuwa wa tano. Tulipona kwa sababu timu moja ilikosa dizeli na kujitoa. Wote tulilijua hilo mle ofisini, na hakuna aliyelitaja. Walburga alitia kamba ya filimbi mdomoni, akaanza kuitafuna. Mpaka msimu unaisha alikuwa amemaliza kamba tatu.

Mwanzoni mwa Juni lori la kiwanda lilikwenda Lusewa kutafuta mabaki ya alizeti, na Walburga akaenda kuhesabu magunia. Alirudi na hesabu mbovu, yeye ambaye alikuwa akijua mpaka idadi ya panya wa stoo. Nikamuuliza kulikoni. Akanishika mkono, akaniambia ameona msichana.

Msichana mwenyewe alikuwa akiingiza mahindi kwenye kihenge. Unavijua vihenge vya kule: vimenyanyuliwa juu ya miti, na kidirisha kiko karibu na paa, mtu hupanda ngazi na kikapu. Huyu hakupanda. Alisimama chini, anaokota hindi, analirusha, linaingia dirishani; anaokota jingine kwa mkono wa pili, linaingia. Hakutazama hata. Alikuwa akizungumza na mama yake aliyekuwa akipepeta ng'ambo ya uani. Walburga alisema alisimama pale mpaka lundo likaisha, na hakuna hindi hata moja lililogusa ukingo.

Jina lake Sharifa, miaka kumi na tisa. Walburga akapiga magoti palepale mbele ya mama yake.

"Shikamoo mama. Naomba huyu binti."

"Marahaba. Unamwombea nani, kaka yako?"

"Hapana, mama. Naiombea timu."

Mama Sharifa alisikiliza habari ya mpira wa pete kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichokihitaji. Alichouliza ni kimoja: akishafika huko, atakuwa nani? Wasichana wawili wa majirani zake walikwishakwenda mjini kwa ahadi ya kazi. Walifanywa vibarua, leo wapo, kesho hawapo, wakarudi na aibu na watoto mgongoni.

"Ataajiriwa, mama. Atapata barua."

"Yenye muhuri?"

"Yenye muhuri."

"Basi mchukue. Siku nitakayoiona hiyo barua ndiyo siku nitakayolala."

Walburga aliapa kwa rozari yake ya shingoni, na yule mama, Mwislamu safi, alikipokea kiapo hicho bila neno. Kesho yake Sharifa alikuwa nyumbani kwa Walburga Bombambili, analala na Leticia.

Mechi ya kwanza, mwezi Julai, alitutia aibu. Kanuni hakuzijua. Alipata mpira akakimbia nao mpaka nyuma ya goli, refa akachoka kupuliza. Viatu vilimbana, akavivua katikati ya robo ya pili na kuvirusha nje, kimoja kikampata katibu wa chama cha mpira wa pete. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini robo ya tatu Walburga alimwita, akamwambia kitu kimoja tu: simama ndani ya nusu duara, ukipewa mpira, hiyo pete ni dirisha la kihenge. Alifunga mabao kumi na tisa pasipo kukosa. Watu walionyamaza kwanza ni wale waliokuwa wakicheka kwa nguvu zaidi.

Tukaanza kushinda. Si kila mechi, maana nyuma tulikuwa tunavuja na mimi mwenyewe nilikuwa na miaka thelathini na tatu na pumzi ya bibi, lakini tulishinda. Ungedhani Walburga angetulia. Wapi! Zamani alikuwa na hofu ya kufungwa. Sasa akaongeza hofu ya kumpoteza Sharifa. Kila gari geni likisimama getini, yeye dirishani. Mtu akimsalimu binti kwa uchangamfu, Walburga anataka kujua ni wa ukoo gani na anafanya kazi wapi. Alimzuia hata kwenda sokoni peke yake, akisingizia wezi.

Mwezi Agosti, tarehe tisa, Meneja alimwita Walburga ofisini na kumkabidhi barua ya ajira ya Sharifa. Imepigwa chapa, imesainiwa, muhuri umekolea. Walburga alisema atampelekea mwenyewe. Kutoka ofisini mpaka uwanjani ni kupita ghala la mashudu na kukata kona. Kwenye kona hiyo akakutana na dereva wetu Beda, ametoka Mbeya, na Beda hakuwahi kufika mahali bila habari. Akamsimulia kwamba kule timu moja imemnyakua mchezaji wa wenzao katikati ya msimu, kihalali kabisa. Shirika limeliandikia shirika, mfanyakazi kahamishwa, na uchezaji wake umehama naye.

Hapo lazima nieleze kanuni ya chama. Kibarua aliyesajiliwa hakuruhusiwa kuchezea timu nyingine mpaka msimu uishe. Mwajiriwa, akihamishwa na mwajiri wake, aliruhusiwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo Sharifa akiwa kibarua alikuwa wetu mpaka Novemba. Sharifa akiwa na barua, shirika lolote lenye fedha lingeweza kumwomba kesho asubuhi. Na Meneja anayetafuta watu wa kupunguza angekataaje?

Walburga hakukata kona. Alirudi stoo, akafungua droo ya kadi za vifaa, akaiweka ile barua chini ya kadi ya misumari ya inchi nne. Misumari ya inchi nne ilikuwa imekwisha tangu mwaka wa tisini. Alijua hakuna atakayeitafuta.

Niliigundua mimi. Ilikuwa mwisho wa Agosti, nilikuwa natafuta kadi ya mipira ya vizibo, nikavuta kadi mbili pamoja.

"Walburga, hii nini?"

"Karatasi."

"Naona ni karatasi. Ina jina la Sharifa."

Akafunga mlango. Akanieleza yote niliyokueleza sasa hivi, haraka haraka. Kisha akasema: "Mpaka mechi ya mwisho, Frida. Refa akipuliza filimbi ya mwisho, naikimbilia, nampa mkononi. Siichomi, siiuzi. Imelala tu."

"Na siku zake za safari? Kibarua halipwi siku za mechi."

"Anakula kwangu. Analala kwangu. Akikosa kitu namnunulia."

"Umeapa kwa rozari."

"Nimeapa atapata. Sikusema lini." Na alipoona bado nimeshika ile barua, akaongeza kwa sauti ndogo: "Tukishuka, mama yako utamtibia nini?"

Mama yangu alikuwa amelazwa wiki ya pili. Niliirudisha chini ya kadi ya misumari, nikafunga droo kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo watu wanapomsifu Walburga mimi hunyamaza, na nikianza kumsema, hunyamaza vilevile.

Katikati ya Septemba, mama yake Sharifa alikuja. Alipanda lori la mahindi kutoka Lusewa, akashuka na vumbi mpaka kwenye kope, na kuku mwekundu kwapani. Sharifa alikuwa mazoezini. Walburga alimkaribisha stoo, akamwekea kigoda, na kigoda kilikuwa kimoja tu mle ndani, kando ya ile droo. Yule mama alikaa, bega lake likagusa mbao za droo.

"Nimekuja kuiona," akasema.

Nilikuwa mlangoni. Walburga akajibu haraka:

"Iko mezani kwa Meneja, mama. Inangoja sahihi."

"Bado?"

"Mambo ya ofisi, mama. Yanachelewa."

Mama Sharifa aliitikia kwa kichwa. Hakulalamika. Alimweka yule kuku sakafuni, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. "Basi mpe huyo Meneja. Pengine sahihi itatoka upesi." Akaomba maji, akaenda kumwona mwanawe, na jioni ile akarudi na lori lilelile.

Walburga hakumpa Meneja kuku, angempa kwa sababu gani? Kumchinja hakuthubutu. Akamfungua, akamwacha mle stoo, akawa anamletea pumba asubuhi na jioni kama deni. Kuku akazoea, akawa anataga ndani ya sanduku la nyuzi za magunia. Walburga hakula hata yai moja. Alikonda. Watu walidhani ni ligi, wakamwambia, kocha, pumzika, tutashinda. Alikuwa akiniuliza kila siku zimebaki mechi ngapi, na yeye ndiye aliyekuwa na ratiba.

Sharifa naye aliuliza. Mara moja tu, tukiwa safarini juu ya magunia, alisema, "Dada Walburga, ile barua haijatoka?" Akaambiwa itatoka. Hakuuliza tena. Wakati huo nilifikiri amesahau, kumbe sisi ndio tulikuwa tumesahau mtu anavyoamini.

Ikafika mechi ya mwisho, Jumamosi ya Novemba, nyumbani, dhidi ya Njombe. Tulikuwa wa tano, pointi moja nyuma ya timu ya nne, iliyokwishamaliza mechi zake. Tukishinda tunabaki. Sare haitufai. Asubuhi hiyo Walburga alichora mistari ya uwanja kwa chokaa yeye mwenyewe, na alipomaliza akaanza tena, mpaka mistari ikawa minene kama kamba za meli. Alikuwa na ufunguo wa stoo shingoni, pamoja na rozari. Nilimwona anaugusa.

Njombe waliingia saa saba, wanaimba. Kocha wao Makarius, Mbena mnene, mcheshi, alishuka na jembe jipya begani, na kiwanda kizima kikaanza kucheka hata kabla hajafungua kinywa. Wabena na Wangoni ni watani, hilo halihitaji kuelezwa hapa Songea. Babu zetu walikatana, kwa hiyo wajukuu tunataniana. Mtani akikuchukulia sahani mbele yako unamwangalia. Ukikasirika, aibu ni yako.

Makarius alikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya uwanja, akachomeka jembe chini.

"Hodi, walaji wa panya! Tumekuja kumchukua mke wetu, Sharifa. Mahari ndiyo hiyo hapo. Mtalima, mwache kututegemea sisi kwa viazi."

Watu wakaangua kicheko. Wakageuka kumtazama Walburga, kwa sababu jibu ni lake. Na mimi niliyejua nilimwona akigeuka kijivu. Kitu alichokuwa akikiogopa miezi minne kilikuwa kimesimama mbele yake na jembe, kinacheka, na desturi ilimtaka naye acheke. Hakuweza kusema hapana. Nani humwambia mtani hapana? Akafungua kinywa, na kinywa kilipokosa la kusema kikatoa lililokuwa karibu.

"Mchukueni, walevi wa ulanzi! Mnadhani tutamlilia? Huyu kwetu ni kibarua tu, hata barua hana! Mmetupunguzia mlaji!"

Uwanja ulilipuka. Beda alicheka mpaka akashika mti. Makarius alipiga makofi, akainama kukubali kwamba amepigwa. Mimi nilikuwa nikimtazama Sharifa. Alikuwa amekaa kwenye nyasi akifunga viatu, na mwanzoni alikuwa akicheka pamoja na wenzake. Mikono yake ikasimama. Kisha ikaendelea. Akafunga fundo, akalikaza, akalifungua, akalifunga upya.

Robo ya kwanza alikosa mara tatu, kitu ambacho hajawahi. Walburga aliikata kamba ya tatu ya filimbi kwa meno. Nilikuwa nacheza, naona jasho, naona chokaa, na kila nikiangalia upande wetu namwona amesimama nyuma ya watu, mgongo kwetu, anatazama ukuta wa stoo. Hakuweza kuangalia. Robo ya pili tukawa nyuma kwa mabao matano. Mapumzikoni alisambaza machungwa, na alipofika kwa Sharifa, chungwa likamponyoka, likaanguka.

"Kocha, usiogope," Sharifa akamwambia, akaliokota. "Nimekuja kucheza, nitacheza."

Na akacheza. Sina maneno ya robo ile ya tatu na ya nne. Tulichofanya sisi sita ni kumfikishia mpira. Akipewa, anasimama, mlinzi wao mrefu mkono juu mbele yake, yeye anatazama juu ya ule mkono, mpira unakwenda. Tukasawazisha. Wakaongoza. Tukasawazisha tena, thelathini na tatu kwa thelathini na tatu, na mwamuzi wa saa amekwishanyanyua kitambaa. Nikaunasa mpira wa Njombe, sijui hata kwa mkono upi, nikaurusha mbele. Ukafika kwa Sharifa pembeni kabisa mwa nusu duara. Alirusha. Haukugusa chuma.

Filimbi ililia na kiwanda kikaingia uwanjani. Watu walilia, mimi nililia, Meneja Edwin alipiga makofi matatu kamili. Nilipofuta macho nikamwona Walburga anakimbia kwenda stoo, goti lile linamtupa upande upande, ufunguo mkononi. Moyo wangu ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Nikasema, kumbe aliniambia kweli: filimbi ya mwisho, anaikimbilia.

Alipotoka na barua, Sharifa hakuwa uwanjani. Alikuwa kando ya lori la Njombe, na mfuko wake wa nguo za mechi begani. Makarius alikuwa amesimama naye, na sasa hakuwa akicheka.

"Sharifa!" Walburga akafika akihema. "Mdogo wangu, barua yako. Imetoka."

Sharifa aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Akaifungua. Alikuwa msomaji wa taratibu, midomo ikitembea, na mimi nikaomba Mungu aanzie katikati. Lakini tarehe huandikwa juu.

"Tarehe tisa Agosti," akasoma.

Akahesabu miezi kwa vidole.

"Mama alikuja Septemba," akasema. "Alikaa kwenye kigoda cha stoo."

"Nilitaka kukupa leo. Niliogopa, Sharifa. Niliogopa watakuhamisha, timu ishuke, tufukuzwe wote. Niliogopa tu."

"Huyu kocha alinifuata mwezi wa tisa. Tulikuwa Njombe, ninyi mmekwenda kuoga. Alikuwa na barua yao, ina muhuri, akasema msimu ukiisha nije. Nikamrudishia. Nikamwambia kwetu barua inakuja, dada Walburga ameapa mbele ya mama."

Makarius aliangalia viatu vyake. Walburga alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Leo mchana nikasikia mwenyewe kwamba sina," Sharifa akasema. "Nikamwendea baada ya mechi nikamuuliza kama jembe lilikuwa utani. Akasema jembe ni utani, barua si utani."

"Ule wangu pia ulikuwa utani!"

"Ulikuwa kweli, dada."

Aliikunja ile barua, akaitia kifuani. Akasema ataipeleka kwa mama yake akipata likizo, maana alitaka kuiona. Akapanda lori. Likiwa limeshawashwa, akainama kutoka juu. "Na kuku wa mama, yupo?"

"Yupo," Walburga akasema.

"Mrudishie mwenyewe."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na Walburga alikosa misa kwa mara ya kwanza tangu kipaimara chake. Alfajiri alinigongea, kuku kwapani. Tulipanda lori la wachuuzi wa Namtumbo, tukabadili gari, tukafika Lusewa saa sita. Njia nzima alikuwa akimnyunyizia kuku maji.

Mama Sharifa alitupokea kwa furaha. Alikuwa amesikia redioni kwamba tumeshinda. Tulipomwambia Sharifa amekwenda Njombe na amepata ajira huko, alishangaa, akauliza kama wanamlisha vizuri. Kisha akamwona kuku.

"Huyu si wa Meneja? Hakumpokea?" Halafu uso ukamchangamka. "Au sahihi ilitoka bila yeye?"

"Ilitoka, mama."

"Lini?"

Walburga angeweza kusema jana. Pale uani hakukuwa na mtu wa kumsuta isipokuwa mimi, na mimi nilikwishajizoeza.

"Tarehe tisa Agosti, mama. Ulipokuja ilikuwa kwenye droo, pale ulipoegemea."

Yule mama alimchukua kuku, akamshusha, akamfungua kamba miguuni bila haraka, akaikunja kamba, akaishika. Akaingia ndani. Tulidhani amekwenda kuleta viti. Tulisimama uani tukingoja, kihenge kiko mbele yetu na kidirisha chake, mpaka tukasikia komeo. Ilikuwa saa sita ya mchana, na sijawahi kuona mlango wa Lusewa ukifungwa mchana huku wageni wako uani.

Kazi zetu zilibaki. Mnunuzi alituvalisha jezi mpya, akatutembeza mwaka mmoja, kisha akachoka na michezo, akatuaga wote kwa barua zilizofika kwa wakati. Lakini siku ile hatukuwa tunayajua hayo. Tulikaa kando ya barabara kungoja gari la kurudi, na Walburga alikuwa akitazama mikono yake.

"Frida," akaniambia, "kutoka ofisini mpaka uwanjani ni dakika ngapi?"

"Tano," nikasema. "Kwa goti lako, saba."